Viti vya Mninga vya Ulyankulu

Ulyankulu,
14 Januari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na Mama, na masikio hayajazidi kuharibika kwa kelele za mashine ya randa. Mimi sijambo, adui yangu ni matope tu, maana mvua za mwaka huu hazijui Jumapili. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu tunaishia kupigiana kelele, wewe "unasemaje?" na mimi "nasema hivi!", mpaka majirani wanadhani baba na binti wanagombana. Konda wa basi la asubuhi ni mtu mwaminifu, atakuletea hadi karakanani.

Baba, nimepewa darasa la awali. Najua hapo umekunja uso. Kunja, lakini endelea kusoma.

Chumba nilichopewa kilikuwa cha darasa la sita na kila kitu ndani yake kimebaki cha darasa la sita. Mtoto wa miaka mitano akikaa kwenye dawati unaona nywele tu. Ubao uko juu, na madirisha yanaanzia pale kichwa chake kinapoishia, kwa hiyo nje anachokiona ni mawingu. Jumatano walipokwenda nyumbani nilipiga magoti nikakizunguka chumba kizima hivyohivyo, nione wao wanaona nini. Niliona vumbi, uvungu wa madawati na misumari iliyochomoza. Mwalimu Zablon, ndiye mkuu wetu, aliingia akanikuta chini, akauliza kama nimepoteza hereni. Nilipomweleza alinitazama kidogo, kisha na yeye akachuchumaa. Kesho yake madawati yakatolewa.

Sasa nataka darasa linaloongea, kama tulivyofundishwa chuoni. Kona ya vitabu, kona ya kuhesabia yenye vizibo na mbegu, kona ya nyumbani yenye mafiga na vyungu vidogo, na picha zote zibandikwe usawa wa macho yao. Watoto wengi hapa ni wajukuu wa Warundi waliokuja miaka ya sabini. Kiswahili wanakikuta shuleni, nyumbani wanasema Kirundi, hivyo kitu wanachokiona na kukishika kitawafundisha kabla mimi sijafungua mdomo.

Ninachokuomba ni viti. Vidogo, vya mbao nyepesi, ili mtoto aweze kubeba chake kutoka kona moja hadi nyingine. Kamati ya wazazi imeahidi mbao za msindano. Ndani ya bahasha kuna kamba, fundo la kwanza ni urefu wa kalio, la pili ni mwisho wa mgongo. Vya kawaida tu, Baba, usijitese.

Msalimie Mama na Adinani.

Binti yako,
Mwanne


Isevya, Tabora,
4 Februari 2024

Mwanangu Mwanne,

Marahaba. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mama yako goti linamsumbua, ila ulimi wake mzima kabisa. Mdogo wako Adinani anajifunza kazi, tatizo lake anapima mara moja na kukata mara mbili.

Uso niliukunja kweli. Nilikusomesha nikijua utasimama mbele ya vijana wenye ndevu uwafundishe hesabu, leo unaniambia umepewa vidudu wa kufutwa makamasi. Haya. Mtoto akililia wembe mpe, na wewe wembe wako umeulilia mwenyewe.

Lakini msindano, Mwanne? Msindano ni mbao ya tenga la nyanya. Babu yako alitengeneza milango hapa mjini ambayo watu waliotoka Ujiji wakielekea pwani walisimama kuipapasa. Nyumba yetu haijawahi kutoa kazi ya aibu, na kazi inayokwenda kwa watu wa mbali ndiyo inayotakiwa kupendeza zaidi, maana wao hawakujui kwa kitu kingine. Nina mninga niliouanika darini tangu wewe uko sekondari. Nilikuwa nikiutunza kwa ajili ya kabati la mama yako. Nilipomuuliza alisema kabati limesubiri miaka yote hii na wala halijalalamika, wape watoto.

Basi viti vyako vimekwisha. Nimeunganisha kwa ndimi, msumari hakuna. Kila mgongo nimeuchonga ua, lile la milango ya babu yako. Msasa mara tatu, vanishi mara tatu. Ukiona uso wako kwenye kalio la kiti usishtuke. Fundi Sabiri wa Kanyenye, unamjua kwa husuda, alikuja akakigeuza kimoja juu chini akitafuta kasoro, akakirudisha bila kusema neno. Kwa Sabiri kunyamaza ni cheti.

Urefu nimefuata kamba yako. Uzito sikufuata. Mninga ni mninga, watajifunza kubeba.

Vitapakiwa wiki ijayo, nimevifunga kwa magunia kimoja kimoja. Nijulishe vikifika.

Baba yako,
Abasi


Ulyankulu,
18 Februari 2024

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nakuandikia mikono inanukia vanishi.

Vimefika jana na hakuna hata kimoja kilichokwaruzika. Tulipokuwa tunafungua magunia akina mama waliokuwa wanatoka kisimani waliweka ndoo chini na kupiga vigelegele. Mzee Nibitanga, kiongozi wa kamati ya wazazi, alivua kofia. Niliwaambia wote kwamba aliyevitengeneza ni baba yangu mzazi, nikawaambia na waliokwishasikia. Mwalimu Zablon amesema hata ofisini kwake hakuna kiti cha hadhi hiyo, na ni kweli, chake kina mguu wa tofali.

Nilikuambia usijitese, na nikajua hutasikia, na sasa nafurahi hukusikia. Nimevipanga kwenye kona zote. Jua la jioni likiingia mbao zinawaka nyekundu chumba kizima. Nimekaa humo peke yangu hadi giza likaingia, nikijivunia kazi yako na darasa langu kwa pamoja.

Jumatatu watoto wataingia wavikute.

Mwanao,
Mwanne


Isevya,
3 Machi 2024

Mwanangu,

Natumaini afya yako ni njema kama yetu. Barua yako nimeisoma mwenyewe, kisha nikamsomea mama yako, kisha nikaenda nayo kwenye kijiwe cha kahawa nikawasomea wazee. Sabiri alijifanya anatafuta sukari.

Sasa niambie wanakaaje. Hiyo ndiyo habari ya fundi. Je, miguu yao inafika chini? Kuna kinachoyumba? Watoto hawajui kusifia kwa uongo, nataka niwasikie wao. Wazee nao wananiuliza kila siku.

Baba yako,
Abasi


Isevya,
13 Machi 2024

Mwanne,

Ramadhani karim. Mfungo wa huku umeanza vizuri, na wewe Mungu akupe nguvu huko peke yako.

Hujanijibu. Konda anasema yuko kila siku na hujampa kitu. Kama kuna kiti kimevunjika sema, kiti hutengenezwa. Kinachoniudhi mimi ni kimya. Nilikulea useme.

Baba yako


Ulyankulu,
17 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefunga salama na afya ninayo, usiwe na hofu kwa hilo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila nikifika mahali pa kusema lenyewe nakumbuka wazee wa kahawa.

Hakuna kiti kilichovunjika. Hakuna kilichoyumba. Baba, watoto hawavikalii.

Siku ya kwanza walisimama mlangoni. Niliwakaribisha mmoja mmoja, wakaingia, wakavizunguka viti vyako na kukaa chini sakafuni. Nikasema kaeni kwenye viti. Walikaa ncha tu ya kalio, mikono mapajani, na nilipogeukia ubao nikasikia mkwaruzo, nikageuka, wote wako chini tena. Mwalimu Zablon akiingia ndiyo kabisa, wanasimama na hawarudi. Kuna mtoto anaitwa Stela, mjukuu wa Mzee Nibitanga, huyo kila asubuhi anakifuta kiti kwa upindo wa sketi yake, anakiegemeza ukutani, kisha anakaa chini pembeni yake. Wenzake wamemuiga. Sasa viti vyote vimepangwa ukutani vinang'aa, na watoto wako sakafuni wanaviangalia. Mama mmoja ameleta kitambaa cha kufuma nivifunikie.

Nilikwenda kwa Mzee Nibitanga kuuliza. Ananiheshimu, kwa hiyo alizunguka sana kabla hajafika. Aliniambia wazazi wenyewe ndio waliowaonya watoto, msije mkaharibu viti vya watu. Kisha akasema, "Mwalimu, kwetu sisi nyumbani kiti hakichukuliwi. Mtu hukalishwa. Mimi nilikalishwa na baba yangu nikiwa na ndevu, mbele ya watu. Mtoto anayejikalisha mwenyewe kwenye kiti kizuri ni kama anamuombea baba yake afe."

Usicheke, Baba, wala usikasirike. Mimi na Adinani kiti chako cha kibarazani tulikikalia lini? Hata ukiwa safarini Mwanza tulikipita kwa mbali.

Lakini darasa limenishinda nguvu. Nilitaka chumba ambacho mtoto akiingia ajue ni chake, nimepata sebule ya wageni. Wakati wa madawati angalau walikuwa wanapiga kelele. Sasa wanaongea kwa kunong'ona, na wale ambao Kiswahili chao kilikuwa kinaanza kutoka wameacha tena. Hilo linaniumiza kuliko unavyodhani.

Naomba ruhusa yako. Nataka nivikwangue vanishi kwa msasa, kisha nivipake rangi, nyekundu, njano, buluu, vifanane na vitu vya kuchezea. Labda wataacha kuviogopa. Sitafanya hivyo bila neno lako.

Binti yako,
Mwanne


Isevya,
24 Machi 2024

Mwanne,

Sisi wazima.

Mninga haupakwi rangi. Mtu anayeupaka mninga rangi anaweza pia kutia sukari kwenye mchuzi wa nyama na kukuambia ni mapishi. Miaka mingapi nimeutunza mti ule na mchwa wasiuguse, leo uupake njano?

Nilifanya kazi ile usiku na mchana na macho haya. Kama kazi nzuri imekuwa kosa, basi kosa ni langu na nitalibeba mwenyewe. Vipakie Alhamisi virudi. Kuna watu hapa mjini wana shule zao na wamekwishaniulizia. Hao vidudu watengenezee mikeka, wala haihitaji fundi.

Suala la kiti changu cha kibarazani hukutakiwa kuliingiza. Mama yako nilipomsomea mahali hapo alicheka mpaka akashika goti. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Abasi


Isevya,
14 Aprili 2024

Mwanne,

Salamu za Idi, ingawa Idi yenyewe imepita.

Alhamisi ya kwanza nilikwenda stendi, na ya pili nikaenda. Basi lilikuja na magunia ya mahindi na kuku. Konda akaniambia mwalimu hajapakia kitu na wala hajasema kitu.

Shule zimefungwa, watumishi wote wamerudi makwao, wewe hukuja. Mama yako alikuwekea sahani ya pilau ikakaa hadi magharibi, mwisho Adinani akaila kwa aibu. Mimi viti nilivitaka, sikukataza binti yangu asije nyumbani. Kama ulisoma hivyo, ulisoma vibaya.

Baba yako


Ulyankulu,
28 Aprili 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasema shikamoo nikiwa nimeinama kabisa, maana nimekuasi, na Idi nimeikosa. Mwambie Mama pilau lile nalidai. Afya yangu njema, isipokuwa nyayo zimeota malengelenge, na sababu yake utaisikia.

Barua yako ya Machi ilinifanya nilie, kisha ikanikasirisha, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nilijiambia, mimi ndiye mwalimu wa chumba hiki. Kukwangua vanishi ilikuwa ni kukimbia, na kuvirudisha viti pia ni kukimbia. Viti havina kosa na watoto hawana kosa. Kitu kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kila mtoto "kaa", mtu ambaye neno lake kwa mtoto huyo lina uzito. Mimi si mtu huyo. Mimi ni mgeni niliyekuja na matope ya Januari.

Kwa hiyo likizo yote nilitembea. Wazazi wako kwenye mabani wanakausha tumbaku, na moto wa bani hauachwi peke yake, basi nikawafuata hukohuko, nyumba kwa nyumba. Nilikula Idi kwa mama mmoja Mkatoliki aliyenichinjia kuku, ila kisu alimpa jirani Mwislamu, nikaona heshima kubwa sana. Kila mahali nilisema jambo moja, njoo shuleni sikukuu ya Muungano umkalishe mwanao.

Nilikipanga chumba upya kwa ajili ya siku hiyo. Viti nilivitoa ukutani nikavipanga duara moja, watu wote waonane, na katikati nikatandika mkeka. Rafu nilizishusha. Picha ya kila mtoto, aliyoichora mwenyewe, niliifunga kwa uzi nyuma ya kiti, chini ya ua lako. Sikugusa vanishi.

Walikuja, Baba. Walikuja na nguo za kanisani, wengine na watoto mgongoni. Mzee Nibitanga alitangulia. Alimshika Stela mkono, akamzungusha hadi kwenye kiti chenye picha yake, akasimama wima na kuongea Kirundi kwa muda. Mwishoni akasema "Icara," ndiyo kusema kaa. Stela aliniangalia mimi, akamwangalia babu yake, akakaa. Alikaa kalio lote, mpaka mgongo ukagusa mbao. Miguu inafika chini, umeniuliza tangu Machi na leo ndiyo nakujibu.

Baada ya hapo kila mzazi alimkalisha wake. Kuna baba mmoja, Revocatus, ni mtu mkali anayeogopwa kijiji kizima, alipofika kwa mwanawe Aleksi alimnyoosha kola kwanza, ndipo akasema neno. Watoto wawili ambao wazazi wao hawakuja, Mzee Nibitanga aliwakalisha yeye. Walipokaa wote, Aleksi akagonga kiti kwa kisigino, jirani yake akajibu, na kabla hujahesabu kumi darasa zima lilikuwa ngoma. Sikuwanyamazisha. Nilikuwa nimeisubiri kelele ile tangu Februari.

Sasa habari mbaya, niseme yote. Kiti kimoja kimemwagiwa uji. Kimoja kina mkwaruzo mrefu wa kizibo. Wanaviburuta badala ya kubeba, maana ni vizito, nami niliomba vyepesi, ila sitasema zaidi hapo. Na bado wapo wanaosimama mtu mzima akiingia. Siwezi kukuahidi kwamba mambo yamekwisha, desturi haiondoki kwa mkutano mmoja, na wala sitaki iondoke yote.

Lakini najivuna, Baba. Nimetengeneza darasa. Si la kusomea kwenye barua, njoo ulione.

Mwanao aliyekuasi,
Mwanne


Isevya,
5 Mei 2024

Mwanne,

Salaam. Tumepokea barua, wote wazima.

Mama yako ameisoma mara tatu na amekwishakusamehe, mimi bado nasoma. Nimeona hapo pa uji. Uji ukikauka kwenye vanishi hutolewa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, usikwangue kwa kisu.

Nitakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Nakuja kukagua miguu ya viti, kiti kipya cha mninga kikibadilishiwa hewa huweza kucheza kwenye maungio. Usinipikie mambo mengi.

Baba yako,
Abasi


Isevya,
20 Mei 2024

Mwanangu mpendwa Mwanne,

Nimerudi salama, mgongo umelalamika njia nzima lakini umefika. Mama yako amepokea mchele na asali, anakushukuru na kukuombea dua. Adinani anasema na yeye anataka kuja, nimemwambia kwanza ajue kupima.

Siku ile sikusema mengi. Ulinizungusha kona zote, ukanionyesha vizibo na vyungu na hicho kioo ulichokiweka chini ili mtoto ajione mzima, na mimi nikawa naitikia "mm" tu, nikaona umenyong'onyea kidogo. Ukadhani baba bado ana kinyongo. Sasa nikueleze, maana kuna jambo lilitokea ambalo hukuliona.

Ulipotoka kwenda kumwita Mwalimu Zablon uliniacha nao peke yangu. Nilikuwa nimesimama katikati ya mkeka, kofia mkononi. Wote walikuwa wamekaa, nao wakaniambia shikamoo kwa pamoja na hakuna aliyenyanyuka. Nakiri nilifurahi palepale, kwa sababu ndicho nilichokuja kukiona, na nikasema moyoni, basi, binti amefaulu, naweza kurudi Tabora.

Kisha mmoja akasimama. Nikasikitika, nikajua ni ile tabia imerudi. Alikuwa msichana mdogo, kichwa kimenyolewa. Alinitazama, akatazama huku na huku chumba kizima akitafuta, akaona hakuna kiti cha mtu mzima. Akakifuta chake kwa kiganja, akakisukuma mpaka kwenye miguu yangu. Akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "Kaa, Babu. Hiki changu."

Mwanne, mtu hampi mgeni kiti kisichokuwa chake.

Nilikaa. Magoti yalinifika kidevuni. Vile viti nilivitengeneza kwa mikono yangu na sikuwahi kukikalia hata kimoja, nilivipima kwa kamba na macho. Nilipojiegemeza akaniambia nisikibinue nyuma nitaanguka, kitaumia. Nikakaa sawa. Yeye akaketi kwenye mkeka, karibu na kiatu changu, akanionyesha ile picha yake nyuma ya mgongo wa kiti, ikabidi nigeuze shingo mpaka ikalia. Nikamuuliza jina, akasema Stela. Sikumwambia mimi ni nani. Kwake nilikuwa mzee tu aliyekuja bila pa kukaa.

Akaniuliza, "Babu, kwenu una kiti?"

Nikasema ninacho.

"Nani alikukalisha?"

Fikiria mtoto huyo. Anaamini watu wote duniani wamekalishwa na mtu, kwa kuwa yeye na wenzake wote wamekalishwa. Na mimi nikatafuta jibu. Baba yangu alifariki nikiwa kijana, na baada ya arubaini nilirudi kutoka makaburini nikakikuta kiti chake kibarazani, nikakikalia kwa sababu nilikuwa mkubwa wa nyumba na miguu ilikuwa imechoka. Hakuna aliyeniambia kaa. Nimetengeneza viti vya masheikh, vya maharusi, vya wakubwa wa serikali, na kote nikiingia watu husema "karibu fundi" na kuniachia nichague mwenyewe pa kuegemea nikiwa nimeshika randa.

Nikamjibu, "Wewe."

Alicheka, akaona ni jibu la kawaida kabisa, akaenda zake kwenye kona ya vyungu kunipikia chai ya mchanga. Uliporudi na Mwalimu Zablon ulinikuta bado nimekaa, ukauliza nafanya nini hapo chini, nikakuambia nakagua miguu. Sikuwa nakagua miguu.

Nimejivunia kazi za mikono yangu maisha yangu yote, watu wa Isevya wote wanajua, mpaka wamechoka. Lakini kiti mimi nilikimaliza kilipokauka vanishi, na kumbe hakikuwa kimekwisha. Wewe ndiye uliyekimaliza. Jana kwenye kahawa wazee waliniuliza habari za safari, nikawaambia nina binti Ulyankulu, ni fundi.

Baba yako,
Abasi